Bibi Ndani ya Kanda

Kituo cha redio kilikuwa kimejifutia mchezo wake chenyewe. Miaka ile kanda zilikuwa haba, basi kila mchezo ulipokwisha walirekodi juu yake hotuba za wakubwa wakizindua mabwawa. Sasa walitaka kuuweka mtandaoni ule mchezo wao uliowahi kutia watu wazimu, na nakala pekee iliyosalia ilikuwa ndani ya bati la biskuti, chini ya kitanda cha shangazi wa fundi wao wa sauti.

Fundi, mwanamke asiyependa kuharakishwa, alilileta bati ofisini mwenyewe. Akakaza kanda zilizolegea kwa kalamu, akafuta ukungu kwa pamba na spiriti, akaunganisha deki na kompyuta, akavaa hedifoni. Muziki wa kufungulia ukaanza. Mara mtu akasema, karibu kabisa na sikio lake: "Hebu sogea, makalio yako yameziba redio."

Alikuwa bibi yake, aliyezikwa zamani.

Shangazi alikuwa akirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, sebuleni, ukoo mzima umejazana. Kila kitu kilinaswa. Babu alikoroma kwenye mambo yote ya mapenzi. Na Bwana Nuksi, tapeli wa mchezo, kila alipofungua kinywa bibi alimshukia: mwizi, mnafiki, mdomo kama kandambili iliyokatika. Fundi alicheka mpaka kamasi zikamtoka, kisha akagundua anafuta na machozi.

Mkuu wa vipindi hakucheka. Aliagiza kelele zote ziondolewe. Fundi akasafisha huku roho inamuuma, lakini sehemu ya mwisho, Bwana Nuksi anapotubu, ilimshinda. Bibi alikuwa ameifunika sauti yake kwa matusi tangu neno la kwanza. Tapeli alitubu nini, hakuna aliyejua.

Basi akaitwa mwigizaji mwenyewe aje arekodi upya. Akaingia mzee wa suti na mkongojo, sauti ile ile nzito, ila hakukumbuka hata neno moja. Ikabidi asikilizishwe kanda. Fundi alibonyeza kitufe akiona aibu mpaka visigino.

Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Bibi akamwita mbuzi wa kukodi. Akamwambia hiyo toba yake akaikaangie vitunguu.

"Nani huyu?" mzee akauliza.

"Bibi yangu, mzee. Ametangulia. Utuwie radhi."

 Mzee akaeleza kwamba enzi zile alisoma karatasi kwenye chumba kisicho na dirisha, asijue kama kuna hata mtu mmoja anayesikiliza. Mwongozaji alikuwa akimwambia "haya, tuendelee," basi. Akaomba arudishiwe pale pa mbuzi.

"Sirekodi juu ya huyu mama," akasema. "Akinyamaza yeye, mimi nabaki nani hapo?"

Mkuu wa vipindi alijaribu kubisha, akatazamwa kwa jicho la Bwana Nuksi, akarudi ofisini kwake. Fundi akaanza kurudisha alichokitoa, mkoromo mmoja baada ya mwingine. Mzee aliomba nakala akamsikilizishe mkewe, akawekewa kwenye simu. Fundi akamsindikiza hadi getini, wakitupiana matusi ya bibi kwa zamu, na mlinzi akashindwa kuelewa aamue ugomvi au afungue geti.