Safu ya Saba

Wenzake kazini walimwita Shahada, kwa sababu siku ya kwanza aliripoti akiwa amekumbatia cheti chake cha chuo ndani ya fremu, kana kwamba kuna ukuta uliokuwa ukimsubiri. Hakupewa ukuta. Alipewa pikipiki kuukuu, fimbo, na fomu ya kuhesabia mavi ya tembo.

Ndivyo tembo wa hifadhi ile walivyohesabiwa. Wenyewe hawaonekani kila siku, lakini wanachokiacha njiani kinaonekana. Mhesabuji hupita barabara nzima peke yake, husimama penye kila rundo, huandika kama ni bichi, kavu au la zamani, kisha husonga mbele. Baba yake mdogo, mkuu wa kituo, ndiye aliyempigania apate majaribio ya miezi mitatu, na alimpa agizo moja tu: "Hesabu, mwanangu. Usichokoe."

Ile ilikuwa safari ya mwisho ya majaribio. Akirudi, baba mdogo angetia saini mkataba wa kudumu au angemrudisha nyumbani. Shahada aliondoka asubuhi na mapema, moyo mweupe. Barabara ilipanda ukingo wa bonde. Chini, ziwa lilitulia na ukungu ulikuwa ukiinuka kama mvuke wa chai. Twiga watatu walimtazama, wakaona hana jipya, wakaendelea kula. Akaimba ndani ya helmeti.

Kwenye rundo la kumi na tisa akaona kitu cheupe. Akadhani ni uyoga. Akachokoa.

Ulikuwa mfuko wa nailoni, umejisokota kama utumbo, na ndani yake nepi ya mtoto. Rundo la ishirini lilitoa kizibo cha chupa na soksi ya kijani. La ishirini na moja lilitoa kikaratasi cha sabuni chenye nembo ya hoteli ya watalii ya kilimani. Shahada aligeuka pembeni akatapika chai yote, na hata alipomaliza, harufu ilikuwa imemganda puani.

Nyayo zilikatisha barabara kuelekea vichakani. Alizima pikipiki, akasikiliza kwanza kama kuna tawi linalovunjika, ndipo akafuata kwa miguu. Hakwenda mbali. Nzi walimpokea kabla hajaliona shimo: magodoro yaliyooza, nyama yenye funza, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda juu ya uchafu wote kama utando wa maziwa. Katikati ya utando huo kulikuwa na tundu la unyayo mdogo. Ndama alikanyaga pale asubuhi ile ile, nyuma ya mama yake. Pembeni kibao kilisimama, maandishi yakiwa bado safi: Shimo la muda, kwa idhini ya Mkuu wa Kituo.

Akakisoma mara mbili. Kisha akarudi barabarani akamaliza kazi yake. Marundo arobaini na moja, na yaliyobaki yote akayachokoa. Mandhari ilikuwa ile ile ya asubuhi, na uzuri wake sasa ulimchefua kama manukato yaliyomwagwa juu ya kidonda. Fomu, yenye nakala mbili, ilikuwa na safu sita. Alichukua rula, akachora ya saba, akaandika juu yake: Kilichomo.

Ofisini, ng'ambo ya geti, baba mdogo alimkaribisha kwa kicheko. "Karibu, mwanasayansi. Leo unanuka mpaka mlangoni."

Akaisoma fomu, na kicheko kikamwishia. Alieleza kwa upole kwamba zamani lori la taka la hoteli lilipita barabara ya wageni, wageni wakalalamika linawaharibia picha, ndipo likachimbwa lile shimo la muda, na muda ukajisahau. Angetuma trekta likafukie. Yeye Shahada aandike tu fomu nyingine, yenye safu sita. Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu ilikuwa imeshafunuliwa.

"Baba, ndama amekanyaga mafuta yale. Nimeuona unyayo."

"Andika upya, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Usinivue nguo mbele za watu."

Shahada alimtazama mtu aliyemfundisha kuendesha pikipiki, akikimbia nyuma yake huku ameshikilia kiti ili asianguke. Machozi yalimlengalenga.

"Nakala ya makao makuu nimeshaitia kwenye sanduku la barua la getini. Ulinifundisha mwenyewe, kwanza sanduku, halafu ofisi. Gari la barua limeondoka."

Baba mdogo akafunika kalamu. Kisha akanyoosha mkono. "Ufunguo wa pikipiki."

Akampa. Mkataba ukarudi kwenye droo bila saini. Shahada aliomba kunawa mikono, naye akamwonyesha mlango wa bafu kwa kidevu, bila kumtazama.

Juu ya sinki kulikuwa na sabuni mpya, bado katika kikaratasi chake chenye nembo ya hoteli ya kilimani. Chini ya sinki, boksi zima. Hakuigusa. Alitoka nje, akajisugua kwa mchanga na maji ya bomba la bustani mpaka ngozi ikawaka, kisha akashika njia ya nyumbani kwa miguu, mikono ameiweka mbali na nguo, na bado ilikuwa inanuka.