Marobota Yenye Dawa

Uani kwetu ni saruji tupu, kwa hiyo nilipanda mchicha na nyanya juu ya marobota ya mabua ya ngano. Mchicha ulikubali kuliko nilivyotarajia. Binti yangu, ambaye mimba yake bado changa, akawa hali mboga nyingine.

"Mama, mjukuu wako huyu ni mbuzi," alinitania.

Wiki hii majani ya nyanya yalianza kujikunja, ncha zikajisokota kama kamba. Maji nilimwagilia, na wadudu sikuwaona. Nikamgeukia mume wangu, maana ndiye aliyeyanunua marobota.

"Mzee, muuzaji alikwambiaje?"

"Aliniapia kwamba yana dawa. Nikaona bahati hiyo, mbolea tumeokoa."

"Dawa ya nini?"

"Dawa ni dawa, bwana! We naye kwa maswali."

Nilimpigia muuzaji mwenyewe. Alijibu kwa majivuno kwamba shamba la ngano hiyo lilipigwa dawa ya kuua magugu, ndiyo maana mabua yake ni safi, hayana hata mbegu moja ya magugu.

Nilikata simu bila kumuaga. Binti alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchicha, anatafuta chumvi. Nililichukua mikononi mwake.

"Mama, kuna nini?"

Kumdanganya sikutaka.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Tunakwenda kumwuliza daktari."

Baba yake alikuwa keshainama kwenye marobota, anang'oa mchicha kwa mikono miwili.