Shibiri Tatu na Vidole Viwili

Kitu cha kwanza alichokiona msichana ni mpasuko kwenye goti la ovaroli ya mjomba wake. Ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Tangu aje kulelewa na mjomba alikuwa amefua nguo za kutosha kujua tabia ya msumari: huvuta kitambaa, hukiparura, huacha nyuzi zimesimama wima. Mpasuko huu haukuacha uzi hata mmoja. Akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Mjomba, fundi magari, aliipeleka ovaroli kwa mshonaji wa barabara ya chini, akarudi akipiga mluzi. Wiki iliyofuata ikachanika tena, goti la pili.

Mshonaji alikuwa mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Baada ya viraka vingi alikubali jambo moja: Jumapili mjomba ampeleke kwa kaka yake, mji wa pili, wale chakula cha mchana.

"Kaka akikuona akaridhika, tutazungumza," alisema. "Asipokuona, basi, tuendelee na viraka."

Mjomba angempeleka kwa gari lake la zamani, analoliita Bi Mkubwa. Analipaka nta hata milango kwa ndani.

"Jina hilo utalibadilisha," mshonaji alimwambia. "Mimi siolewi mke wa pili baada ya bati."

Ijumaa Bi Mkubwa akakatika shafti ya nyuma, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, kwenda kuzungusha tairi. Mjomba akavitoa vile vipande viwili, akaviunganisha sakafuni, akavipima kwa mkono wake, kidole gumba hadi kidole kidogo. Halafu akampigia simu muuza vyuma chakavu, rafiki yake wa siku nyingi, mtu mfupi wanayemwita Kiroboto.

"Nataka ya gari kama langu. Shibiri tatu na vidole viwili."

"Ninayo, ya gari hilo hilo, ila la miaka ya mwanzo," Kiroboto akajibu. Ikasikika akihangaika na vyuma. "Shibiri tatu na vidole viwili. Kamili kabisa, fundi, kama imezaliwa kwako."

Shafti ikaletwa. Meno ya kwenye ncha yake yalilingana na ya zamani, beringi ikakaa, bolti zikaingia zote bila kugombana. Sehemu iliyoingia ndani ya difu hakuna aliyeiona. Bi Mkubwa alizunguka uani vizuri, kuku wakamkimbia, mjomba akaosha mikono.

"Mwaka si kitu," alimwambia msichana. "Chuma ni chuma."

Jumapili walimpitia mshonaji mlangoni pa duka lake, chini kabisa ya kilima. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na pakacha la maembe ya kaka mkononi. Akakaa mbele. Msichana alikaa nyuma, amelipakata pakacha.

Gari likapanda vizuri hadi nusu ya kilima. Hapo kitu kikasema *tak* chini ya kiti cha msichana. Mjomba akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa spidi ukapanda, ishirini, arobaini, hamsini.

"Fundi," mshonaji akasema kwa utulivu, "gari lako linasema tunakwenda hamsini."

"Ndiyo, mama."

"Mbona duka langu linakuja?"

Mjomba akashika breki ya mguu na ya mkono, lakini kwa woga wa kumtikisa mgeni wake akazishika polepole. Bi Mkubwa akateremka kinyumenyume kwa heshima zake zote, akasimama mlangoni walipotoka. Msichana alipofungua mlango wa gari, embe moja likadondoka likatangulia kizingitini.

Mjomba akapiga jeki, akafungua tairi, akachomoa shafti. Ncha za meno zilikuwa zimelika, ncha tu. Mshonaji akavua futi ya kushonea shingoni, hata Jumapili haikumtoka. Akapima vile vipande vya zamani, vilivyokuwa bado kwenye buti: sentimita sabini. Akapima mpya: sitini na sita na nusu.

"Ilikuwa imeshikilia kwa kucha," akasema.

Mjomba akampigia Kiroboto, akaiweka simu kwenye spika.

"Ulipimaje wewe?"

"Kwa mkono wangu. Ulitaka nipime kwa mkono wa nani?"

Mjomba akautazama mkono wake mwenyewe, mpana kama koleo, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Miaka ya mwisho walilipanua gari nyuma," akakiri. Mshonaji akaichukua simu. "Tafuta ya miaka hiyo ya mwisho. Sentimita sabini. Kwa futi, si kwa vidole. Uilete kwa pikipiki sasa hivi."

Wakakaa kizingitini kusubiri. Saa ilikuwa inakimbia, na kaka alikuwa mtu wa safari, jioni angeondoka. Mshonaji akatoa simu yake, akaishika bila kubonyeza.

"Sijui nimwambie asubiri, au nimwambie ale," akasema. "Mwanamume asiyejua urefu wa chuma chake, nitajuaje kama anajua anachokitaka? Niambie ukweli wa jambo moja, fundi. Zile ovaroli. Nani anazichana?"

Mjomba akajifuta grisi vidoleni. "Misumari, mama. Gereji ina misumari mingi."

Mshonaji akatikisa kichwa, kidole kikaenda kwenye simu.

"Ni yeye."

Wote wawili wakageuka. Mshonaji hakuwahi kuisikia sauti ya msichana ikisema zaidi ya shikamoo. Msichana alikuwa anaangalia embe mikononi mwake, masikio yanamwaka moto.

"Anazichana kwa wembe wa kunyolea. Kisha anakaa na kiraka chako usiku, anakipapasa. Haruhusu nikifue."

Mjomba akajifunika uso kwa shafti fupi, nayo haikutosha kumfunika.

Mshonaji akapiga simu. "Kaka, funika chakula. Tumechelewa, lakini tunakuja."

Msichana akaona akiwa ameshaanza, heri amalize.

"Na kabla ya kukuletea," akasema, "anazipiga pasi."