Maji ya Mzazi

Jumatatu asubuhi, siku ya tatu tangu Agathe ajifungue mtoto wa kike, mama yake, Sidonie, aliteleka chungu cha maji ya kumkandia. Kuni zilikuwa kavu na moto ulilamba chungu mpaka shingoni. Jua lilipotoka nyuma ya mlima, Sidonie alitumbukiza kidole na kukitoa. Maji yalikuwa baridi kama ya mtoni. Akamtazama mkwewe, Léopold, aliyeketi mlangoni akimenya mihogo.

"Mukwe, toka kidogo. Enda kule kwenye migomba."

Léopold alitoka. Alipofika kwenye migomba, maji yalichemka.

Jambo hilo halikuwa geni kijijini Kalembe. Tangu Léopold aliporudi kutoka uaskari, mwaka uliopita, chungu hakikuchemka mahali alipokuwepo. Maharagi yalishinda motoni na kutoka magumu kama yalivyoingia. Jirani yake, Nzabandora, alikuwa akimwita kila maziwa yalipotaka kufurika, na yakishatulia anamfukuza kwa utani: "Asante, kaka. Sasa rudi kwako, tusilale njaa." Muuguzi alimpima akaandika kwamba mwili hauna neno. Padri alimpa rozari tatu za toba kwa dhambi ambayo Léopold aliieleza nusu. Alizisali zote, na maji yakabaki vilevile.

Lakini mzazi hakandwi kwa maji ya baridi.

"Mutoto wangu atavimba," alisema Sidonie. "Useme ile ulikataa kusema kwa mujomba wako, ao utafute fasi ingine ya kulala."

Ilikuwa desturi ya kwao kwamba mtu aliyetoka vitani haingii nyumbani moja kwa moja. Huketi kwanza pembeni mwa migomba, na mjomba wake humuuliza: ulimwaga damu ya nani, naye amelala wapi? Akishajibu, huoshwa kwa majani. Siku Léopold aliporudi, mjomba Michel aliuliza hivyo. Léopold alikuwa na karatasi ya jeshi iliyosema kwamba mwaka wa 1944, watu wa msitu wa Walikale walipokataa kazi za lazima, kikosi chake kilifanya huko matembezi ya kijeshi. Akajibu kama karatasi.

"Tulitembea tu, mujomba."

Michel aliyatupa majani, wakaingia ndani kunywa pombe ya ndizi. Hakuna anayeoshwa kwa sababu ya kutembea.

Sasa Léopold alisimama nje, akamwambia mke wake kupitia ukuta wa matete. Walifika kijiji kimoja saa sita mchana. Mtu mmoja alikuwa mbele ya mlango, ameshika mwiko. Kaporali hakuwa ametoa amri bado. Léopold alipiga risasi. Nyuma ya yule mtu chungu kilikuwa kinachemka: ndizi na samaki wadogo wa mtoni. Askari walikuwa na njaa ya siku mbili.

"Nikakula," alisema.

Ndani mtoto alikuwa ananyonya. Agathe alimhamishia titi la pili.

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

"Basi enda kwa wenye chungu."

Léopold alitembea siku mbili. Katika kile kijiji alimkuta mwanamke aitwaye Euphrasie akitwanga muhogo mbele ya mlango uleule. Hakuacha kutwanga.

"Mama, miye njo niliua bwana yako."

"Najua. Weye njo wa tatu kuja ku hiki kijiji. Yule wa Rubaya chumvi haina tena ladha mu kinywa yake. Mwingine, kivuli yake inakataa kuingia kanisa, inabakia ku mulango. Weye uko na nini?"

"Maji haichemke."

Euphrasie aliitikia kwa kichwa, akaweka chungu kwenye mafiga na kumwonyesha kigoda karibu na moto. Baada ya muda mfupi maji yalianza kutokota. Léopold alinyoosha mikono juu ya mvuke.

"Jina yake ilikuwa nani?"

"Émile. Alikuwa ananipikia. Nilikuwa ndani, nimezaa siku ine."

"Na mutoto?"

"Maziwa ilikauka. Hakukaa."

Akasonga ugali wa muhogo, akampakulia. "Kula."

"Mama, unanisamehe?"

"Sikusema vile. Nimesema kula. Kisha uniambie mulimuweka wapi. Wale wawili hawajue."

Léopold alishika tonge bila kulipeleka kinywani. Alikumbuka kwamba askari wengine wawili, ambao hakuwaona tena tangu jeshini, walimvuta yule mtu kwa miguu kuelekea mtoni. Alisikia majani yakikwaruza. Hakugeuka.

"Sijue, mama. Nilikuwa nakula."

Alikwenda kumuuliza karani wa serikali. Karani, kijana mpole, alifungua daftari la mwaka ule na kupitisha kidole polepole. Hapakuwa na maiti. Matembezi yalikuwa yamekwisha salama.

"Unataka niandike nini, papa? Hapa hakuna muntu alikufa."

Michel naye alikuwa tayari kumwosha, hata kesho, lakini hakuweza kuita jina la Émile bila kujua mahali alipolala. Sidonie akamchukua Agathe na mtoto kwake, mlima wa pili. Agathe alilia kidogo, kisha akafunga vitu vyake.

"Ukimuona ule muntu, uje," alisema. "Usikuje mbele ya kumuona."

Kila kiangazi sasa Léopold na wale wawili waliomtangulia hukutana kijijini kwa Euphrasie na majembe yao. Huchimba kuanzia mtoni kuja juu, hatua kwa hatua, na kufukia kila shimo vizuri ili mvua isibebe udongo wa watu. Saa sita mchana Euphrasie huteleka ndizi. Huchemka upesi. Huwapakulia wote watatu, kisha huketi kando, amewapa mgongo, akingoja washibe warudi kuchimba.