Daftari la Mke wa Kwanza

Karani alifika Jumapili mchana akiwa na begi la shule, mto wake mwenyewe na daftari lenye jalada la bluu. Alikuwa na miaka kumi. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuandika kila kitu: nani kaja, kaja saa ngapi, kaondoka na nini. Mama yake, mtunza stoo wa hospitali, alikuwa amepangiwa zamu za usiku kwa miezi mitatu, na wazazi wakakubaliana mtoto akae kwa baba mpaka zamu ziishe.

Baba yake alikuwa fundi wa friji. Mke wake wa sasa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Walikuwa na mwaka wa pili tangu waoane, na bado hawakuwa na mtoto wao. Katika nyumba hiyo mke wa kwanza hakutajwa kwa jina. Aliitwa Yule. Yule kapiga simu. Yule kasema mtoto anahitaji viatu. Mshonaji ndiye aliyeanzisha, na mumewe akazoea.

"Hili la nini?" mshonaji aliuliza alipopewa daftari.

"La chakula, mama mdogo. Mama kaandika. Kila wiki ina ukurasa wake. Kasema nikupe ili usihangaike."

Ili usihangaike! Maneno hayo yalimwingia kama sindano chini ya ukucha. Alilifungua daftari akiwa amesimama. Mwandiko ulikuwa wa wima, hauna haraka. *Jumatatu: maharage, chemsha ya siku mbili. Jumanne: wali, maharage yaliyobaki, kabichi nusu. Jumatano: supu ya mboga, ile nusu ya kabichi, na karoti zilizoanza kulegea. Ijumaa: usinunue kitu, maliza kilichomo.*

"Mshukuru mama," alisema, akaliweka juu ya kabati, mbali na mkono wa mtoto. "Tutaona."

Ukweli ni kwamba jikoni kwake hakukuwa na mpango wowote. Akitoka kazini alipitia sokoni akiwa amechoka, na mtu aliyechoka hununua kwa macho. Alinunua kama aliyeambiwa soko linafungwa kesho. Friji yao, ambayo mumewe aliiunda kwa mabaki ya friji tatu, ilijaa mpaka mlango ukasukumwa kwa goti. Ndani mlikuwa na mchicha uliogeuka maji, nyanya zilizoota ndevu, na mabakuli yaliyofunikwa ambayo hakuna aliyekumbuka umri wake. Kila Jumamosi alimwaga ndoo nzima. Mumewe alikuwa akitania, "Friji yangu haina kosa. Wapangaji wake ndio hawafai," na walikuwa wakicheka wote wawili.

Kisha shule zikakaribia kufunguliwa, na maagizo ya sare yakawa mengi. Mshonaji akawa anarudi jioni sana, mgongo ukimuuma. Siku moja aliwakuta mumewe na Karani mezani, daftari la bluu likiwa katikati yao limeegemezwa kwenye birika.

"Onja," mumewe alisema, akimpa kijiko. "Unazijua hizi karoti? Ndizo zile ulizoniambia nitupe."

Alionja. Supu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Yule, kwa jambo hili, kajaliwa," mumewe akaendelea, mdomo umejaa. "Hakuwa anatupa hata ganda la kiazi."

Mshonaji alirudisha kijiko, akasema amekula kazini. Hakuwa amekula.

Tangu siku hiyo daftari likashika nyumba. Fundi aliacha kutania. Kila jioni alifungua ukurasa, na Karani alitia alama ya vema mbele ya siku iliyokwisha. Jumamosi ndoo ya taka ilikuwa na maganda tu. Mwisho wa mwezi fundi aliweka mezani pesa ya sokoni iliyobaki na kusema, "Umeona?" Mshonaji aliona. Aliona pia jinsi mumewe alivyotabasamu akiupitisha mkono juu ya ule mwandiko ili ukurasa ulale.

Zamani alijichorea picha ya Yule kama mwanamke wa kelele, kwa kuwa mumewe alimwambia waliachana kwa magomvi. Sasa picha ilibadilika. Aliona mwanamke mtulivu amesimama jikoni, anakata kabichi katikati, anafunga nusu moja kwa ajili ya kesho, na mwanamume yuko mlangoni anamtazama mgongo. Ndoto hiyo ilimjia mchana kweupe, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani.

Alianza kulipekua daftari wakati hawapo, akitafuta alama za mumewe. Akapata. Ukurasa wa tano, pembeni, kwa wino mwingine: *vitunguu visiwe vingi, hapendi.*

Hapendi nani?

Siku ile nzima neno hilo lilizunguka naye. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, mama mwenye duka la sare akamuuliza kama anamshonea kaa. Jioni akamkabili mumewe akinawa mikono.

"Kumbe wewe hupendi vitunguu?"

"Vitunguu? Mbona nakula kila siku?"

"Nakuuliza tu."

"Una nini siku hizi?"

"Nina nini? Sina kitu."

Akajua moyoni kwamba mumewe anamdanganya. Kwa Yule alikuwa na haki ya kutopenda kitu, na mtu alikumbuka, akaandika. Kwake yeye alikula chochote kama mgeni asiyetaka kusumbua wenyeji.

Asubuhi iliyofuata, Karani akiwa bafuni, alilichukua daftari akalitia kwenye mkoba chini ya vitambaa. Dukani alilizamisha ndani ya boksi la vipande vya nguo vilivyobaki, lile lililokaa nyuma ya meza ya kupigia pasi. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu tu, nyumba ipumue.

Nyumba haikupumua. Karani alitafuta siku ya kwanza, akatafuta ya pili. Fundi akasema labda limesahauliwa shuleni. Mshonaji akarudi na mifuko kama zamani, akapika kwa fujo na kwa wingi, vitunguu vimejaa, na akamtazama mumewe akila. Alikula vyote. Ni mtoto aliyekuwa akivisukuma ukingoni mwa sahani, kimoja kimoja, kwa ncha ya kijiko. Mshonaji aliliona hilo akiwa ameshika kikombe, na chai ikampalia.

Siku ya tatu umeme ulikatika dukani, wakaruhusiwa saa nane. Alipofika nyumbani alimkuta Karani amekaa sakafuni. Kabati lilikuwa limevutwa kutoka ukutani, droo zote zimemwagwa, na vumbi limemjaa mtoto mpaka kwenye nyusi.

"Unafanya nini? Nimesema tutanunua daftari jingine."

"Silitaki jingine."

"Basi nitakuandikia mimi. Chakula ni chakula."

"Si chakula, mama mdogo." Alikuwa halii, ila sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Ni mwandiko wa mama. Usiku akiwa kazini haruhusiwi kupokea simu. Mimi nilikuwa nalisoma kabla sijalala."

Mshonaji alisimama pale akiwa na mkoba begani. Aligeuka, akatoka, akarudi dukani kwa mguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Nyuma ya meza ya pasi palikuwa peupe.

"Boksi la vipande liko wapi?"

"Watu wanaojaza mito wamelibeba asubuhi, kabla hujafika," mama mwenye duka alisema. "Si kila mwisho wa mwezi wanabeba?"

Karakana ya mito ilikuwa mtaa wa pili. Humo ndani vumbi la pamba lilielea kama ukungu, na mashine ya kusaga vitambaa ilikuwa inanguruma kwa jenereta. Mjaza mito alimsikiliza, akazima mashine, akatumbukiza mkono kwenye rundo lililokwisha kusagwa. Alipekua muda mrefu kwa hisani yake tu. Mwisho alitoa kipande cha jalada la bluu, hakizidi kiganja.

"Ni hiki?"

"Ndicho."

"Pole, dada. Vingine viko ndani ya mito ya watu."

Kesho yake alfajiri alikwenda hospitali, saa ile zamu zinapobadilishana. Mlinzi alimpeleka mpaka mlango wa nyuma, akamtaja kuwa ni mke wa fundi. Stoo ilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini: magunia ya mchele, mafuta, sabuni, mashuka, kila kitu na tarehe yake iliyoandikwa kwenye karatasi, vya zamani vimewekwa mbele ili vitoke kwanza. Na tarehe zote zilikuwa katika mwandiko ule ule wa wima. Mshonaji alijihisi ameingia ndani ya lile daftari.

Yule alikuwa mfupi. Kwa sababu fulani hilo hakuwa amelitarajia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, na soksi moja ilikuwa imetoboka kidole.

"Mtoto kafanyaje?" aliuliza papo hapo, bila salamu.

"Mzima. Ni daftari. Limepotea."

Mtunza stoo aliweka kalamu chini. "Limepotea lenyewe?"

Njia nzima mshonaji alikuwa ametunga maelezo. Yote yakamkimbia. "Nililificha," alisema. "Kisha likachukuliwa pamoja na vipande vya nguo, likasagwa. Limebaki hili." Akaweka kipande cha jalada juu ya meza.

"Ulilificha kwa nini?"

"Kila siku nasikia Yule hatupi, Yule anajua. Nilichoka. Nikaona umo ndani ya nyumba yangu."

Mtunza stoo alikaa juu ya gunia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mshonaji alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwangu alikuwa anamsifu mama yake," alisema. "Mama hatupi, mama anajua, mama angefanya hivi. Miaka tisa! Akipata wa tatu, ngoja uone, atakusifu wewe mpaka mwenzio achanganyikiwe."

Mshonaji alitaka kununa lakini kicheko kilimponyoka. Kilikoma haraka, maana mwenzake alikuwa ameacha kucheka.

"Sikiliza. Lile daftari sikuliandika kwa akili nyingi. Alipoondoka, nilibaki na mtoto na mshahara mmoja. Kila nikiozesha nyanya niliona nimemnyima mtoto. Niliandika kwa woga. Sasa nyie mnaona ufundi."

"Na ile 'hapendi'?"

"Hapendi nini?"

"Vitunguu."

"Ni Karani! Hujaona anavyovitenga?" Alimtazama vizuri mara hii, akaelewa, akatikisa kichwa taratibu. "Masikini. Uliteseka bure."

"Niandikie upya," mshonaji alisema. "Nitafuata kila neno."

"Siandiki. Jiko ni lako. Mimi kwangu sokoni ni Jumamosi, wewe unatoka kazini na mgongo unauma, ratiba yangu itakufaa vipi? Fungua friji kwanza, andika kilichomo, halafu ndiyo upange. Hiyo ndiyo siri yote." Akachana karatasi kwenye kitabu cha stoo. "Hii nitamwandikia mwanangu, haina chakula ndani. Na wewe utamweleza ulichofanya. Mimi simwambii kwa niaba yako."

Alimweleza jioni ile. Ilikuwa ngumu kuliko stoo. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akachukua barua ya mama yake, akaingia chumbani. Siku nne hakumwita mama mdogo wala hakumwita chochote. Alijibu ndiyo na hapana, akawa anasimama upande wa pili wa meza.

Mumewe naye aliambiwa, na zaidi ya hapo. "Ukimtaja tena jikoni kwangu," mshonaji alisema, "utapika wewe." Fundi akajichekesha, akaona mwenzake hacheki. Basi Jumapili na Jumatano zikaandikwa jina lake, na hakuthubutu kubisha.

Mshonaji alikaa na kalamu mbele ya friji iliyo wazi. Aliandika kilichomo, hata kile kilichomtia aibu. Wiki ya kwanza alikosea: alipanga maharage siku aliyorudi amechelewa, wakala mkate. Akahamishia maharage siku ya mumewe. Akajifunza kununua kabichi ndogo, kugandisha nyanya zilizoiva kwa wakati mmoja, na kuacha siku mbili bila jina kwa ajili ya mabaki. Ndoo ya Jumamosi ikapungua polepole. Wiki ile ile ya kwanza, siku ya tano tangu amweleze mtoto, wakati anaandika, kivuli kilisimama begani kwake.

"Alhamisi umeandika mayai mara mbili," Karani alisema.

"Wapi?"

"Hapo. Na hapo." Mtoto alivuta kiti, akachukua kalamu. "Lete nikuandikie. Mwandiko wako kama kuku kapita."

Tangu hapo waliandika pamoja, Ijumaa mchana baada ya shule, mmoja kichwa ndani ya friji akitaja, mwingine mezani akiandika. Mahali pa vitunguu mshonaji mwenyewe alisema, "Andika: vikatwe vidogo sana, visionekane." Karani aliandika, akapigia mstari.

Zamu za usiku zilipokwisha, mtunza stoo alikuja kumchukua binti yake. Hakuingia ndani, alisimama nje ya lango. Mshonaji alikuwa bado anamfungia mtoto zipu ya begi. Karani alisikia sauti tu. Begi likaachwa mikononi mwa mshonaji, na mtoto akawa tayari yuko nje, kajitupa kifuani mwa mama yake kwa nguvu mpaka mwanamke yule mfupi akayumba.

Mshonaji alisimama mlangoni, kamba za begi zikimkata vidole. Kwa mumewe hakuwa na wivu tena, huo ulikwisha kule stoo, juu ya gunia. Huu ulikuwa mwingine, na ulikuwa mkali zaidi, na hakuwa na mtu wa kumlaumu kwa ajili yake. Alijikaza, akatoka, akalipeleka begi.

"Kanenepa," mtunza stoo alisema, akimgeuza binti huku na huku.

"Anakula."

"Naona. Asante, mwenzangu."

Waliondoka wameshikana mikono, wote wawili wakiongea kwa wakati mmoja. Kabla ya kona Karani aligeuka.

"Mama mdogo! Jumamosi nije?"

"Njoo," mshonaji alijibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na akabaki langoni mpaka walipopotea.