Wamehama

Nilikuwa nimesuka nusu ya kichwa cha Marcelline, rafiki niliyeishi naye, simu yangu ilipolia. Vidole vyangu viliteleza kwa mafuta, nikamwambia aipokee, aweke spika.

"Mwanangu," sauti ikajaa chumba chetu cha Albert Park, huku ugenini, "wameniachilia. Nakuja. Tulia sasa, hali ni shwari." Laini ikakatika.

Nilipiga yowe, nikacheza na kitana mkononi. Papa yangu yuko huru! Tangu tuliposikia kwamba ataachiliwa, Marcelline ndiye aliyenisaidia kumtafutia godoro. Shuka za maua alinunua mwenyewe. Alijua Papa alikuwa mwanadiplomasia, alijua kafungwa kwa mambo ya vita. Nami nilimwambia nilichoamini, kwamba walimwonea. Bunduki hakuwahi kuishika. Kazi yake ilikuwa kuvaa tai na kusema.

Na alivyojua kusema, jamani! Utotoni kule Bukavu tuliizunguka redio kila jioni. Waasi wakishateka kijiji, dunia ikiuliza habari za maiti, yeye, msemaji wao, aliwajibia kutoka hoteli za ng'ambo: hali ni shwari, hakuna aliyeuawa, raia wamehama tu. Mama alipiga vigelegele. Mimi nililala usingizi mtamu, nikiwaona watu wamejitwika magodoro, wanaelekea mahali pazuri.

Nilipogeuka, Marcelline alikuwa bado ameishika simu.

"Hii sauti minaijua," alisema. "Tulikuwa tumejificha kwa bapadri, tunasikiliza redio. Mama na badogo zangu balibakia kijijini. Yeye akasema bamehama. Nilikuwa mutoto, nikasadiki. Kila siku nilienda kubangojea ku barabara. Kumbe beko mu shimo."

"Si yeye aliyewaua," nikasema. Ee Mungu, ndilo neno lililonitoka.

Hakufoka. Afadhali angefoka, angenitukana, angenipiga kwa ile simu. Alikunja nguo zake taratibu huku teksi zikipiga honi kule chini.

"Kaa basi nikumalizie kichwa," nilimwomba. "Utatembeaje hivyo?"

Alijifunga kitambaa juu ya ile nusu iliyosukwa na nusu iliyosimama, akatoka. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nilikuwa na rafiki mmoja tu katika mji huu.

Papa alifika mwezi uliofuata, amekonda, tai shingoni. Nilimkumbatia nikalia mpaka nikamlowesha shati. Nampenda. Nifanyeje, ni baba yangu.

Aliketi kitandani, akazipapasa shuka. "Nzuri," alisema kwa sauti yake ile ile. "Ulisema rafiki yako ndiye aliyezinunua. Iko wapi huyo dada nimushukuru?"

"Amehama, Papa."

Akainamisha kichwa, akawa analainisha mkunjo mmoja wa shuka kwa kiganja, tena na tena, na mkunjo haukutoka.