Saini Msumarini

Msinicheke. Ofisini kwetu, kidude cha kutilia saini programu kilifungwa pamoja na ufunguo wa choo, kwenye msumari karibu na mlango. Bosi ndiye aliyeamua. "Kikikaa hapo hakipotei," alisema, "maana choo hakuna asiyekihitaji." Akili ni mali, eti! Namba yake ya siri aliiandika kwenye plasta, akaibandika nyuma ya kidude hichohicho.

Chenyewe ni kama flashi. Ukikichomeka, programu inapata saini yetu, na mteja anapoipakua, kompyuta yake inamwonyesha alama ya kijani: hii kweli imetoka kwao, na njiani haijaguswa na mtu. Sisi tunatengeneza programu ya kukokotoa vipimo vya dawa. Kliniki mia mbili zinaitumia, na mojawapo ni anayofanyia kazi dada yangu, muuguzi wa watoto. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, ukiona kijani na jina letu, weka bila wasiwasi. Kila toleo nalikagua mimi."

Jumatatu asubuhi shemeji yake bosi, bwana mauzo, maneno mengi kazi sifuri, alitoka chooni na kidude mkononi. Alikuwa amewaahidi wateja toleo jipya. Akaliona faili langu la majaribio, akalitia saini, akalipandisha kwenye tovuti. Katika faili hilo nilikuwa nimeweka uzito wa kila mgonjwa uwe kilo sitini, ili nipime mambo mengine. Kila mgonjwa, hata kichanga.

Nilipogundua, nilimkimbilia bosi. "Bosi, tuibatilishe saini sasa hivi!"

"Tulia, bibie. Tukibatilisha, wateja wote wataona onyo jekundu. Tutaonekana matapeli."

"Lakini programu ni mbovu!"

"Mbovu, sawa. Saini inasema imetoka kwetu. Kwani haikutoka kwetu? Tumemdanganya nani hapo?"

Shemeji naye akaitikia kwa kichwa, mzito kama hakimu. Jamani, nilitamani kumzaba kofi.

Nikampigia dada. Simu iliita weee, ndipo akapokea.

"Dada, usimpe mtu dawa kwa programu yetu!"

"Nimeshavuta dawa kwenye sindano," alisema. "Mtoto wa miezi minne. Niliona kipimo ni kikubwa mno, nikasita. Halafu nikaona jina lenu, nikasema, aa, mdogo wangu keshakagua."

"Iweke chini. Nakuomba, dada."

Nikasikia sindano ikigonga sinia la chuma. Ndipo nikawakumbuka wauguzi wa kliniki nyingine, wasio na ndugu wa kuwapigia simu.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliondoa faili kwenye tovuti, nikaingia kwenye mtandao wa kampuni iliyotupa cheti cha saini, nikaibatilisha. Bosi alifoka kwamba nimeiua kampuni. Simu zote za ofisi zikaanza kulia. Acha zilie!

Nikampigia dada tena. "Tumeibatilisha. Shemeji ya bosi alikitwaa kidude msumarini, akaitia saini bila mimi kuikagua. Sasa ukiifungua itakuonya."

"Imeshanionya. Ulikuwa unajua kwamba huko kwenu yeyote anaweza kutia saini?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, dada."

"Basi, kuhusu programu, kompyuta imenionya. Kuhusu wewe je, angenionya nani?"

Akakata simu.